Kriki huinua, haishikilii: historia ya kuinua gari juu ya mawe ya Ndosho

NDOSHO, Goma. Kwenye barabara inayotoka Katindo, ikapita Ndosho na kuendelea Mugunga hadi Sake, garaji nyingi hazina ukuta wala paa. Ni kipande cha ardhi kandokando ya njia, sanduku la funguo, mipira mikuukuu iliyopangwa ili watu wajue hapa kuna fundi, na gari lililoinuliwa upande mmoja. Chini ya gari hilo kuna chombo kidogo cha chuma, pengine hakipiti kimo cha chupa. Waliosoma Kifaransa huandika cric, watu wa Goma husema kriki, na ndugu wa Tanzania na Kenya husema jeki.

Watu wengi hukumbuka kriki siku mpira unapotoboka tu. Lakini katika mji huu chombo hiki kina historia inayofungamana na mawe ya volkano, na vita, na watu kuhama. Tena ni chombo ambacho kinaweza kuokoa safari ya familia nzima asubuhi, na jioni kikamlemaza kijana aliyelala chini ya gari. Tofauti kati ya hayo mawili ni jambo dogo ambalo mafundi wazee hulirudia kila siku kwa wanagenzi wao: kriki huinua, haishikilii.

Mji usiochimbika

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, fundi asiye na mashine kubwa huchimba foso. Ni shimo refu la kumfikia kifuani, gari likapita juu yake, naye akafanya kazi amesimama. Kampala kazi hiyo ni ya majembe machache. Goma siyo hivyo. Chini ya udongo mwembamba kuna mwamba, yaani uji wa moto wa Nyiragongo na Nyamulagira uliopoa zamani.

Dunia nzima ilijua ugumu wa mwamba huo mwezi wa Julai 1994. Kwa siku chache, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma na pembeni yake. Kipindupindu kilipoanza kuua, ilikuwa shida kubwa kuchimba vyoo na hata makaburi, kwa sababu sululu ziligonga jiwe. Hapa Ndosho palifunguliwa kituo cha watoto yatima, na kilomita chache mbele, Mugunga, ikawa moja ya kambi kubwa kabisa hadi ilipofungwa Novemba 1996. Wazee wa kartye waliokuwapo wanakumbuka malori ya maji yakipita usiku na mchana.

Jiwe lile lile lililokataa vyoo ndilo linalokataa foso za garaji. Mwenye mali anaweza kuvunja mwamba kwa nyundo na patasi kwa wiki kadhaa, au kujenga daraja la simenti la kupandisha gari. Fundi wa kawaida hana njia hizo. Umeme wa kuendesha mashine ya kuinua nao si wa kutegemea kila saa. Basi Goma, anayetaka kuona tumbo la gari hashuki chini, analiinua gari.

Kabla ya kriki: kichwa, mgongo na chukudu

Mwanzoni mwa karne ya 20, Goma ilikuwa kituo kidogo cha askari wa Kibelgiji kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Mizigo haikusafiri kwa gari. Ilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Mwaka wa 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipotoka upande huu kwenda Kigali na kisha Tabora, maelfu ya wanaume wa nchi hizi walichukuliwa kubeba risasi na chakula. Chombo cha kuinua kilikuwa shingo ya mtu.

Barabara za magari zilikuja baada ya hapo, hasa baada ya mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga, kufunguliwa mwaka wa 1925. Kuzitunza barabara hizo kulikuwa vita na volkano. Mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulishusha moto hadi ziwani Kivu, karibu na Sake. Kila mara njia inapofunikwa, watu wa hapa hutandika njia nyingine juu ya mawe mapya.

Kisha ikaja chukudu, ambayo sasa ina sanamu yake katikati ya mji. Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayochongwa kwa mti mgumu na mkaratusi, magurudumu yake yamevalishwa mpira wa gari kuukuu. Hubeba mamia ya kilo za makaa, viazi au kabichi kutoka milimani. Chukudu ikiharibika haihitaji kriki: mzigo unashushwa, chukudu inalazwa ubavu, inagongwa misumari, safari inaendelea. Kuna somo hapo ambalo wenye magari husahau. Mwenye chukudu hushusha mzigo kwanza. Hajaribu kutengeneza kitu kilichobeba uzito wote.

Kriki yenyewe ilitoka wapi

Wazo la kuinua kitu kizito kwa nguvu ndogo ni la kale sana. Mti mrefu uliowekwa juu ya jiwe, mtu akauegemea upande mmoja, ni kriki ya kwanza. Baadaye mafundi wa Ulaya walitengeneza chuma chenye meno kinachopandishwa na gurudumu dogo. Leonardo da Vinci aliacha michoro ya chombo cha namna hiyo. Halafu kuna visi: mtu anazungusha, nao unapanda polepole. Uzuri wa visi ni kwamba mtu akiacha kuzungusha haushuki wenyewe kwa urahisi.

Hatua kubwa ilitokana na maji na mafuta. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba ukikandamiza maji yaliyofungwa ndani ya chombo, nguvu ile husambaa kila upande sawasawa. Mwaka wa 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Mwaka wa 1851, Richard Dudgeon wa New York akapata hati ya kriki ya kubebeka inayotumia nguvu hiyo hiyo. Kriki ya chupa inayouzwa leo katika soko la Virunga au Birere ni mjukuu wa ile.

Hesabu yake si ngumu. Ndani kuna pistoni mbili zinazounganishwa na mafuta. Tuseme ndogo ina upana wa sentimita 1, kubwa ina sentimita 4. Uso wa ile kubwa ni mara 16 ya ile ndogo. Ongeza mkono wa chuma unaozidisha nguvu mara 10, jumla inakuwa mara 160. Anayesukuma kwa nguvu ya kilo 10 anaweza kuinua kilo 1,600, ukiacha kidogo kinachopotea njiani. Malipo yake ni subira: kila pampu moja huinua gari kidogo sana.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha udhaifu. Gari zima limekalia mafuta kidogo yaliyozuiliwa na kipande cha mpira na kufuli ndogo ya chuma. Mpira ule ukikatika, au kufuli ikilegea, gari hushuka. Haliombi ruhusa.

Magari yalipojaa Goma

Baada ya 1994, magari ya mashirika ya msaada yalijaa mji. Land Cruiser nyeupe na malori yalihitaji mafundi, na vijana wengi walijifunza kazi kwa kushika funguo za wengine. Kisha yakaja magari madogo yaliyotumika Japani, yanayopitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Usukani wake uko kulia, ingawa Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Mara nyingi hufika na kriki yao ya mkasi ndani ya buti. Mara nyingine imeshapotea njiani.

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Waliporudi, walijenga juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena, na siku tano baadaye serikali ya jimbo ikaamuru sehemu kubwa ya mji kuhama. Barabara hii ya Ndosho ikajaa watu, moto na magari yakielekea Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi.

Katika siku ya namna hiyo ndipo thamani ya kriki inapoonekana. Mawe ya volkano ni makali kama chupa iliyovunjika, na gari lililobeba magodoro, masufuria na watoto hutoboa mpira haraka. Mwenye kriki na mpira wa akiba hupoteza nusu saa. Asiye navyo huacha vitu vyake njiani.

Kuchagua: tatu za kufikiria

Garaji za barabarani hutumia hasa kriki za aina tatu.

Ya kwanza ni kriki ya mkasi, inayofunguka kwa kuzungusha visi. Ni nyepesi, haina mafuta ya kuvuja, na ikikunjwa hufikia kama sentimita 10 hivi, kwa hiyo huingia hata chini ya gari la chini ambalo mpira wake umekwisha upepo. Ubaya wake: kitako chake ni chembamba, na ikisukumwa ubavuni hupinduka. Inafaa kubadilisha mpira, si kwa kazi ya kulala chini ya gari.

Ya pili ni kriki ya chupa. Ina nguvu nyingi kwa bei ndogo, na iliyoandikwa tani 2 au 3 inatosha magari madogo. Lakini hata ikishushwa kabisa bado ina kimo cha sentimita 18 au 20. Mpira ukilala, gari dogo linaweza kuwa chini kuliko hapo, na kriki haitaingia. Kabla ya kununua, apime nafasi iliyopo chini ya gari lake huku mpira ukiwa hauna upepo. Watu wengi hupima wakati mipira imejaa, halafu wanashangaa siku ya shida.

Ya tatu ni kriki ya magurudumu, ile ndefu ya kusukuma. Kwenye sakafu ya simenti hakuna inayoishinda kwa wepesi. Kwenye changarawe ya Ndosho ina hatari yake. Mkono wake ukipanda hauendi wima, huchora upinde. Ili gari lisivutwe, magurudumu ya kriki lazima yatembee kidogo yenyewe. Yakikwama kwenye mawe, gari huvutwa au huteleza kwenye kichwa cha kriki. Anayeitaka hiyo atandike kwanza mbao pana au karatasi nene ya chuma.

Kuhusu uzito: gari dogo la abiria lina kilo 1,000 hadi 1,500, na Land Cruiser tupu hupita tani 2. Kona moja hubeba karibu robo au theluthi ya uzito wote. Hata hivyo ni busara kriki iwe na nguvu ya kupita uzito mzima wa gari, maana chombo kinachofanya kazi kwenye mwisho wa uwezo wake hakidumu.

Tangu benki za Goma zifungwe mwishoni mwa Januari 2025, pesa mkononi imekuwa ngumu, na wengi hununua kriki iliyotumika. Si vibaya, mradi ijaribiwe pale pale kwa muuzaji. Iinue gari, ipigwe alama kwenye pistoni kwa chaki, isubiriwe dakika 10. Alama ikishuka, kriki hiyo inavuja ndani. Pistoni iliyopinda au yenye kutu ya mashimo itakata mpira wake. Na muuzaji akisema amejaza mafuta ya freni, iachwe: mafuta hayo huharibu mipira ya kriki nyingi. Yanayotakiwa ni mafuta ya kriki, ya hidroliki.

Kutumia juu ya mawe

Kazi huanza kabla ya kugusa kriki. Gari litolewe barabarani, mahali palipo sawa. Freni ya mkono ivutwe, gia iwekwe. Gurudumu lililo mbali na lile linalotengenezwa, kona kwa kona, lifungwe mawe mbele na nyuma. Abiria wote washuke, hata mtoto aliyelala. Mzigo mzito ushushwe, kama mwenye chukudu anavyofanya.

Bulo za gurudumu hulegezwa nusu mzunguko wakati mpira bado uko chini. Akizifungua gari likiwa juu, nguvu anayoivuta kwa ufunguo ndiyo itakayoangusha gari.

Kisha ardhi. Changarawe nyeusi ya volkano huonekana ngumu, lakini huteleza na kuzama. Kitako cha kriki ya chupa ni kama sentimita 10 kwa 10. Kikibeba kilo 400, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 4. Ukiweka chini yake ubao mzito wa mkaratusi wa sentimita 30 kwa 30, kila sentimita ya mraba inabeba chini ya nusu kilo. Ubao mmoja, na kriki haizami tena.

Kriki iwekwe pale mtengenezaji wa gari alipopatia nguvu, kwenye ukingo wa chuma nyuma ya gurudumu la mbele au mbele ya la nyuma, au chini ya mhimili wa gari kubwa. Isiwekwe kamwe chini ya karteri ya mafuta ya injini, ambayo hupasuka kama kopo.

Gari likishapanda, kriki imemaliza kazi yake. Kinachofuata ni kushikilia, na hiyo ni kazi ya kitu kingine. Kitu kizuri kuliko vyote ni mguu wa chuma ambao Wafaransa huita chandelle. Wasio nao hupanga magogo ya mbao pana kwa mraba, safu moja ikikata nyingine. Mpira wa akiba hulazwa chini ya gari pia, ili likianguka libaki na nafasi.

Jiwe la volkano lisitumiwe kama nguzo. Ni jiwe lenye matundu mengi, na uzito ukikaa kwenye ncha moja hupasuka ghafla bila kulia. Tofali la simenti ni vivyo hivyo. Mji mzima umejengwa kwa mawe haya, na ukuta wake ni imara kwa kuwa uzito umetawanyika. Chini ya gari, uzito wote uko mahali padogo kama kiganja.

Moto nayo ina mambo yake. Boxer au TVS ina kilo 120 hivi, na wamotari wengi huilaza kwenye jiwe. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda kwa vyuma vya ujenzi mguu wenye miguu mipana unaoinua gurudumu la nyuma kwa mkono mrefu wa chuma. Kanuni haibadiliki: tangi lisiwe limejaa, gurudumu la mbele lifungwe, na moto ishikiliwe na kitako chake, si na bega la mwanagenzi.

Kwa walio njiani

Kuanzia 2022, familia nyingi kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo zilikaa katika kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyinginezo pembeni ya Goma. Januari 2025 vita viliingia mjini, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, wengi wakaanza tena safari kwa miguu, kwa moto, au juu ya malori yaliyojaa kupita kiasi. Miongoni mwao wamo mafundi walioacha garaji zao kule na kubaki na mfuko wa funguo. Kriki moja nzuri na mbao mbili humwezesha mtu kama huyo kufungua kazi pembeni ya njia siku hiyo hiyo, bila foso, bila umeme, bila kukodi nyumba.

Ndiyo maana uangalifu una bei kubwa. Hospitali ya CBCA Ndosho, inayojulikana kwa kupokea majeruhi wa vita kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ilijaa kupita kiasi Januari 2025. Mguu uliopondwa chini ya gari unaomba kitanda kile kile na daktari yule yule. Na kichwa cha familia ambaye mkono wake umevunjika hana tena cha kulisha watoto, awe mkaaji wa zamani au aliyefika jana.

Lori likisimama njiani likiwa limeinuliwa, kivuli chake huvuta watoto na mama waliochoka. Shofere na msaidizi wake wana wajibu wa kuwaondoa kwanza, kabla ya pampu ya kwanza. Mpira uliotoboka huzibwa. Anayesubiri dakika tano zaidi akipanga mbao bado atafika Sake kabla ya jua kuzama.